Shule Nne Si Mashariki Nzima ya Uganda

Kuna ugonjwa katika tasnifu zetu za Kiswahili, nami niliwahi kuuugua. Mwanafunzi anakwenda katika shule nne, anawapima watoto 160, anaingiza alama kwenye kompyuta, na kompyuta inamrudishia thamani ya p ndogo mno. Anafurahi. Kisha katika sura ya tano anaandika: "Utafiti huu umebaini kwamba wanafunzi wa Uganda Mashariki..." Makala hii inaipinga sentensi hiyo. Naipinga kwa sababu mara nyingi si kweli, na kwa sababu kuna watu wanaoumizwa nayo.

Nianze na kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana mtu wa kunyooshea wengine kidole. Katika mwaka wa pili tulikuwa wanne katika kikundi, wote tukiishi hapa Bugembe katika vyumba vya kupanga. Tulitaka kujua kama lugha mama humsaidia mwanafunzi wa kidato cha kwanza kumudu upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili. Tulichukua shule mbili za upande wetu, kwenye barabara ya Iganga, ambako watoto wengi huzungumza Lusoga. Tukachukua nyingine mbili ng'ambo ya Mbale, kwenye barabara ya Soroti, ambako wengi huzungumza Ateso. Katika kila shule tuliwapima watoto 40. Tuliwapa nomino 20 wazitie katika wingi na kukamilisha sentensi. Watoto wa Lusoga walipata alama za juu zaidi. Tukafanya uchanganuzi wa variansi, ule tunaouita anova kwa ufupi, na kompyuta ikatwambia kwamba tofauti ile haiwezi kuwa ya bahati tu. Tukaandika kwamba wazungumzaji wa Ateso wana "udhaifu wa kimsingi" katika ngeli. Tulipewa alama nzuri.

Siku tuliyowasilisha kazi ile darasani, mwenzetu mmoja aliyekulia Kumi alinyamaza hadi mwisho. Tulipotoka nje akanishika bega akaniuliza, "Ndugu yangu, mlitupima sisi, au mlimpima mwalimu wetu?"

Sikuwa na jibu. Nilijua, naye hakujua, kwamba katika shule moja ya upande wetu mwalimu wa Kiswahili alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi, na watoto walikuwa wakimsikia akizungumza hata uwanjani. Nilijua pia kwamba shule moja ya kule ilikuwa imempata mwalimu wa somo hili muhula uleule. Mambo hayo tuliyaona kwa macho yetu. Hayakuingia katika hesabu kwa sababu hesabu yetu haikuwa na mahali pa kuyaweka.

Mahali hapo papo, na pana jina. Wanatakwimu hutofautisha kigezo thabiti na kigezo nasibu. Kigezo ni thabiti ikiwa viwango vyake ndivyo hasa unavyotaka kuvizungumzia. Lusoga na Ateso katika kazi yetu vilikuwa hivyo: tulitaka kulinganisha lugha hizo mbili, si lugha nyingine yoyote. Kigezo ni nasibu ikiwa viwango vyake ni sampuli tu, yaani vimesimama kwa niaba ya vingine vingi ambavyo hukuvifikia. Mtoto ni wa namna hiyo. Hakuna anayeandika tasnifu kuhusu mtoto aliyekaa dawati la tatu. Tunampima ili atuambie habari za wenzake. Hadi hapo sote tunakubaliana. Ugomvi wangu unaanzia kwenye shule.

Je, shule ni kigezo gani? Nawapa kipimo kimoja kisichohitaji kompyuta: mwalimu mkuu angekukataa, ungefanya nini? Sisi tulikataliwa. Shule ya kwanza tuliyoiomba upande wa Jinja ilikuwa na mitihani, tukaambiwa turudi muhula ujao. Hatukurudi. Tulivuka barabara tukaingia shule iliyokuwa ikitazamana nayo, na katika ripoti hatukubadilisha hata neno moja. Kama shule ile ingekuwa na maana kwetu yenyewe kama yenyewe, utafiti wetu ungevunjika siku ile. Haukuvunjika, kwa kuwa shule yoyote ya watoto wa Lusoga ingetufaa. Basi shule ilikuwa nasibu, na sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kulithibitisha hilo kwa miguu yetu. Tulipofika kwenye kompyuta tukalisahau.

Tofauti hii si mpya wala si ya anasa. Ronald Fisher alianza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, na kitabu chake cha mwaka 1925 kiliueneza uchanganuzi wa variansi miongoni mwa watafiti. Alikuwa akihangaika na mashamba: kipande hiki kimetiwa mbolea, kile hakikutiwa, lakini udongo nao haufanani. Mwaka 1947 Churchill Eisenhart aliandika makala akizitenga wazi namna mbili za uchanganuzi huo, ile ya viwango vilivyochaguliwa kwa ajili yake vyenyewe na ile ya viwango vilivyo sampuli. Ni miaka mingi sasa. Mkulima wa miwa hapa Busoga anajua kwamba mashina mia ya shamba moja hayamwambii habari za mashamba mia. Sisi wa lugha bado tunajifanya hatujui.

Sasa tufanye hesabu, maana asiyetaka hesabu ndiye anayedanganywa nayo. Alama za watoto wale siziweki hapa; nabuni tarakimu nyepesi zenye umbo lilelile. Tuseme shule mbili za Lusoga zilipata wastani wa 62 na 54, na zile za Ateso 50 na 46. Wastani wa Lusoga ni 58, wa Ateso ni 48, na tofauti ni alama 10. Kila shule ina watoto 40. Ndani ya shule alama za watoto zinatawanyika kwa variansi ya 144, yaani mtoto wa kawaida yuko mbali na wastani wa shule yake kwa alama kama 12.

Anova hulinganisha mitawanyiko. Mtawanyiko unaotokana na lugha, kwa tarakimu hizi, ni 4000. Swali zima ni hili: tuugawe kwa nini? Mwanafunzi mwenye haraka huugawa kwa mtawanyiko wa watoto, 144, akapata uwiano wa F unaokaribia 28. Kwa digrii za uhuru 1 na 156, uwiano ukizidi 3.9 tu tayari umevuka mpaka wa asilimia 5. Anashangilia. Lakini watoto hawakugawanywa katika lugha mmojammoja. Walikuja kwa shule, na kila shule iko ndani ya lugha moja. Kwa hiyo mtawanyiko wa kugawia ni ule wa shule zilizo ndani ya lugha moja, ambao hapa ni 800. Elfu nne kwa mia nane ni 5. Digrii za uhuru sasa ni 1 na 2, kwa sababu shule ni nne tu, na mpaka wa asilimia 5 umepanda hadi 18.51. Tano haifiki hata theluthi yake.

Data ni zilezile na watoto ni walewale. Jibu la kwanza linasema tumegundua jambo kubwa. Jibu la pili linasema tofauti hiyo inaweza kabisa kuwa ya shule na shule. La pili ndilo linalojibu swali la mwenzangu wa Kumi.

Wengine hudhani dawa ni kuongeza watoto. Hebu tuwaongeze. Pima watoto 80 katika kila shule, wote wawe 320, shule zibaki nne. Kwa mitawanyiko ileile, uwiano ulio sahihi unatarajiwa kupanda kutoka 5 hadi 5.5 tu. Umechapisha karatasi maradufu, umekesha ukisahihisha maradufu, na umepata nusu pointi. Anayetaka kujua ladha ya posho ya mtaa mzima hali vijiko 80 kutoka sufuria moja; hupita nyumba kwa nyumba akionja kijiko kimojakimoja. Wachukue watoto walewale 160, lakini kumikumi kutoka shule 16, nane kwa kila lugha. Tofauti ikibaki alama 10, uwiano unatarajiwa kuwa kama 13, na mpaka kwa digrii 1 na 14 ni 4.60. Sasa una haki ya kusema kwamba pande hizo mbili zinatofautiana kwa namna isiyoelezwa na shule moja moja. Hujamaliza kazi, maana Jinja na barabara ya Soroti hazitofautiani kwa lugha tu, lakini walau umetoka kwenye sufuria moja.

Nimeanza na shule kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Liko kosa lingine linalotuhusu sisi wa lugha kuliko mtu yeyote, nalo ni la maneno. Zile nomino 20 tulizichagua mezani jioni moja, tukinywa chai. Tuliandika mtu, mti, kitu, kitabu na nyinginezo za aina hiyo. Sasa msikilize mtoto wa Busoga: kwao mtu ni omuntu na wengi ni abantu, kitu ni ekintu na vingi ni ebintu. Hata kitabu, neno lililotoka Kiarabu, kwao limekwisha kuwa ekitabo na ebitabo. Tulimpa mtihani ambao nusu yake alikuwa ameujibu tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake. Ateso ni lugha ya Kinailoti, haina ngeli za Kibantu. Mtoto wake alianza safari kutoka mbali zaidi. Je, tungechagua sahani, barua, karatasi na daftari, pengo lingekuwa lilelile? Sijui. Orodha ile ya maneno 20 haikuweza kutuambia, kwa kuwa tuliishughulikia kana kwamba Kiswahili chote kina nomino 20.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, Herbert Clark, aliandika makala kali akiwashutumu wenzake kwa jambo hilihili. Walikuwa wakiwachukulia watu kuwa nasibu na maneno kuwa thabiti, kisha wakatoa madai kuhusu lugha nzima. Clark alisema maneno nayo ni sampuli, na akapendekeza kanuni ya kuunganisha hesabu mbili: moja ikiwachukua watu kuwa nasibu, nyingine ikiyachukua maneno kuwa nasibu. Zidisha uwiano wa kwanza kwa wa pili, kisha ugawe kwa jumla yao. Ukipata 6 kwa watu na 5 kwa maneno, kila mmoja peke yake unaweza kukupa moyo. Ukiwaunganisha wanakupa 30 kwa 11, yaani 2.7 hivi, na moyo unatulia. Mwaka 2008 Baayen, Davidson na Bates walionyesha jinsi ya kuweka watu na maneno pamoja katika modeli moja yenye vigezo mchanganyiko, na programu ya R inayofanya kazi hiyo hutolewa bure. Clark alikuwa mtu wa lugha, akiwaandikia watu wa lugha. Inakuwaje basi sisi tuseme kwamba haya ni mambo ya idara ya hisabati?

Najua majibu nitakayopewa, nami nayajibu moja baada ya jingine.

La kwanza ni la pesa. "Nauli ya kufika shule 16 nitaitoa wapi?" Ni swali la haki. Kutoka Jinja hadi Mbale si hatua mbili, na mwanafunzi anayeishi kwa kubangaiza hawezi kupanda bodaboda kila siku. Lakini umaskini wa sampuli hauponywi kwa utajiri wa madai. Kama una nauli ya shule nne, andika kuhusu shule nne. Hakuna aibu ndani yake. Aibu ni kulipa nauli ya shule nne na kuandika kana kwamba umezunguka mkoa. Tena tunaweza kushirikiana: wanafunzi wanne wenye swali moja, kila mmoja akipima shule nne karibu na kwao wakati wa likizo, tayari ni shule 16.

La pili ni la wajuzi kidogo. Wanasema, "Hata hizo shule hukuzichagua kwa kura, ulizifuata barabarani; basi huwezi kuziita nasibu." Wana hoja, nami siipuuzi. Sampuli ya barabarani ni dhaifu, na lazima tukiri hivyo katika ripoti. Lakini tazama hoja yao inawapeleka wapi. Kama shule zetu haziwakilishi vizuri hata shule nyingine za jirani, basi tuna sababu zaidi ya kupunguza sauti, wala hatuna ruhusa ya kurudi kwenye F ya 28.

La tatu husemwa na baadhi ya walimu wetu, nami nasema kwa heshima zote: "Huyu ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza tu, tusimlemee." Waheshimiwa, mwanafunzi wa shahada ya kwanza ndiye atakayekuwa mwalimu wa Kiswahili Bukedea au Kamuli baada ya miaka miwili. Akienda na imani kwamba sayansi imethibitisha udhaifu wa watoto fulani, atafundisha kwa imani hiyo. Atamwuliza maswali mtoto wa Lusoga na kumruka mtoto wa Ateso. Baada ya mwaka mmoja alama zitakuwa kama tasnifu ilivyosema, na mwingine atakuja kuzipima.

Kwamba jambo hili linawezekana katika mazingira yetu, tazameni mpakani tu. Katika Busia ya Kenya, ukivuka kutoka Busia yetu, Edward Miguel na Michael Kremer walichunguza dawa za minyoo katika shule 75 za msingi zenye watoto zaidi ya 30,000. Shule ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25, na kundi la kwanza lilianza kupewa dawa mwaka 1998. Walichagua kwa shule, wala si kwa mtoto, kwa kuwa walijua minyoo huambukiza wanaosoma na kucheza pamoja. Na kwa kuwa waligawa kwa shule, hesabu ya mashaka yao nayo ilizingatia shule. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004, na mwaka 2015 watafiti wa London wakazichambua data zilezile upya na kuzua mabishano makali. Sitaingia katika mabishano hayo. Ninachosema ni kwamba waliweza kubishana kwa sababu shule zilihesabiwa kuwa shule. Kazi yetu ya Bugembe haikuweza hata kubishaniwa. Mtu alilazimika kuuliza nje ya darasa, kwa sauti ya chini.

Na wakati huu si wa mzaha kwa Kiswahili nchini Uganda. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulianza mwaka 2020. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watu wataanza kuuliza ni nani anaweza kukijifunza na nani hawezi, walimu wapelekwe wapi, vitabu viandikwe vipi. Watatafuta tafiti, na watakazozipata ni hizi zetu zilizojaa vumbi maktabani. Tukiwaambia kwamba tatizo ni lugha mama, watakunja mikono, kwa kuwa lugha mama haibadilishwi. Tukiwaambia kwamba huenda tatizo ni mwalimu aliyefika muhula huu, kuna kitu cha kufanya.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, kwa wenzangu na kwa wasimamizi wetu. Kabla ya kukusanya data, kila pendekezo la utafiti litaje kwa kila kigezo kama ni thabiti au nasibu, na kwa nini. Sentensi mbili zinatosha. Pili, jedwali la anova lisipokelewe bila kuonyesha mtawanyiko uligawiwa kwa nini, na digrii za uhuru ni ngapi. Anayeleta digrii 156 kutoka shule nne aulizwe amezitoa wapi. Tatu, hitimisho lisivuke mpaka wa sampuli. Kama shule zako ni thabiti, zungumzia hizo hizo na unyamaze kuhusu nyingine. Kama unataka kuzungumzia nyingine, zihesabu kuwa nasibu na ukubali F ndogo itakayokuja.

Wenzangu wa kikundi walinicheka nilipowaomba tuiandike upya kazi ambayo imekwisha kupewa alama. Mwishowe wawili walikubali. Hitimisho letu jipya linasema: "Katika shule hizi nne, na kwa nomino hizi ishirini, watoto wa shule mbili za Lusoga walipata alama za juu kuliko watoto wa shule mbili za Ateso. Data hizi haziwezi kutenganisha lugha mama na shule." Ni sentensi mbili fupi zisizo na fahari yoyote. Nilimpa mwenzangu wa Kumi nakala. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza ni lini tunakwenda kupima shule nyingine, maana yeye anawajua walimu wakuu watatu wa kwao ambao hawatatukataa.